Mabomba ya sampu ya mtumba: matundu yote mawili yashushe maji

Swali lenyewe kwa kifupi. Dada mmoja wa Tabata kanunua tanki la samaki la mtumba, futi nne, galoni 90, na sampu yake, lile tanki dogo la chini lenye pampu ya kurudisha maji juu, toka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao Marekani. Tanki lina boksi la ovaflo kwenye kona, ambamo maji ya juu yanamwagikia kabla ya kushuka sampu, na chini ya boksi kuna matundu mawili, moja kubwa moja dogo. Mabomba ya zamani yalikatwa kwa msumeno siku ya kuhama. Fundi bomba wa mtaani kamuunganishia upya, tundu kubwa linashusha maji, tundu dogo linarudisha. Sasa linanguruma, anasema mwenyewe, "kama choo kinachoflashi kila dakika", pale chini panavuja, na juzi umeme ulikatika usiku akaamka zulia limelowa, akakamua kama ndoo ndogo ya lita kumi. Anauliza abadilishe bomba aweke la inchi ngapi. Ndani anafuga mbuna, samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa.

Dada habari yako, na pole sana na zulia. Nianze na jibu halafu maelezo yafuate: ukubwa wa bomba sio tatizo lako kubwa, ukienda dukani ukanunua bomba nene zaidi utatumia hela na kelele itabaki. Tatizo lako ni kwamba maji yana njia moja tu ya kushuka, na hiyo njia inapitisha maji na hewa kwa wakati mmoja bila mpangilio. Mimi ningefanya hivi, matundu yote mawili yawe ya kushusha maji, na bomba la kurudisha lipite juu, lipande nyuma ya tanki liingie kwa juu ya kioo. Yani kile fundi alichokifanya ndio matumizi ya kawaida ya hayo matundu, na kweli kiwandani walikusudia hivyo, wewe ukiachana nacho utalala usingizi.

Kwanza uelewe ile kelele inatoka wapi. Bomba likiwa wazi juu maji yanaingia yakizunguka pembeni na hewa inashuka katikati, hapo unasikia kugugumia. Maji yakizidi kidogo bomba linajaa lote, hewa inakosa nafasi, sifoni, yani ule mnyonyo wa bomba lililojaa maji, inashika na inaanza kunyonya kwa nguvu kuliko pampu yako inavyoleta, boksi linakauka ghafla, bomba linameza hewa, sifoni inakatika, maji yanaanza kujaa tena, halafu mchezo unarudi pale pale. Ndio huo mflasho wako wa kila dakika. Kuna dawa mbili. Moja ni kuhakikisha hewa inaingia vizuri muda wote, ile staili ya Durso, unaweka tii juu ya bomba, elbo imeinama chini kwenye maji, na kifuniko juu chenye katundu kadogo ka hewa. Inafanya kazi, watu wengi wametulia nayo miaka, ila bomba la inchi moja la staili hiyo likipewa maji mengi linaanza tena kelele, na likiziba huna la akiba. Dawa ya pili ni kinyume chake, kuhakikisha hewa haiingii kabisa, bomba linajaa maji tupu toka juu mpaka chini, na unalibana kwa valvu mpaka lishushe sawasawa na pampu inavyopandisha. Hili la pili halina sauti, narudia halina sauti, unaweza kuweka tanki chumbani. Ila bomba lililobanwa halina nafasi ya ziada, likiingia konokono tu limekwisha, kwahiyo lazima liwe na mwenzake wa dharura pembeni. Wafugaji wa nje hii staili wanaiita Herbie. Kuna na ya mabomba matatu inaitwa BeanAnimal, nzuri zaidi, lakini wewe una matundu mawili na nakuomba usijaribu kutoboa la tatu, ntakwambia kwanini mbele.

Sasa lipi liwe kuu na lipi liwe la dharura? Wengi wanakimbilia kubwa liwe kuu. Mimi nasema kinyume. Bomba lililojaa maji lina nguvu sana kuliko unavyodhani, hilo tundu lako dogo la robo tatu ya inchi, kukiwa na mteremko wa kama mita moja toka boksi hadi sampu, linapitisha zaidi ya lita 2000 kwa saa bila shida. Na wewe huhitaji hata hizo. Tanki la galoni 90 ni kama lita 340, ukizungusha mara nne au tano kwa saa kwa mbuna inatosha, sema lita 1500 hivi. Kwahiyo dogo linatosha kuwa kuu, ukalibana na valvu. Kubwa ndio uliweke la dharura, mana la dharura linaanza kazi ghafla likiwa na hewa ndani, bila msaada wa sifoni, na siku hiyo litabeba mzigo wote peke yake. Halibanwi, haliwekwi valvu, haliwekwi chochote. Fundi akikwambia "tuweke na huku koki ili ukitaka ufunge", mkatalie.

Alafu usiamini namba ya kwenye boksi la pampu. Pampu iliyoandikwa lita 3000 kwa saa hiyo ni ikisukuma bila kupanda popote, ikipanda mita moja na nusu inaweza kubaki nusu. Pima mwenyewe, chukua ndoo ya lita kumi, elekeza bomba la kurudisha kwenye ndoo, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 24 ndio lita 1500 kwa saa. Ikijaa kwa 12 basi una pampu kubwa kuliko unavyohitaji, na kelele nyingine inatokana na hilo hilo.

Tuje kwenye kuvuja, na hapa ndio mtumba wa Marekani unakula watu. Zile tanki konekta mbili zilizokuja na tanki, yani viungo vinavyofungwa kwenye matundu ya kioo kupitisha bomba, ni za vipimo vya Marekani. Bomba la kwao la inchi moja kwa nje lina milimita 33.4, la robo tatu lina 26.7. Bomba la kwetu ukienda Kariakoo au Gerezani ukasema nipe inchi moja unapewa la milimita 32, robo tatu unapewa 25. Ukilichomeka kwenye konekta ya Kimarekani linaingia vizuri tu, tena linaingia kirahisi mno, linachezacheza, kuna nafasi ya zaidi ya milimita moja. Gundi ya PVC haijazi nafasi, kazi yake ni kuyeyusha kidogo pande mbili zinazobanana zishikane ziwe kitu kimoja, zisipobanana hakuna kitu. Sasa fundi akiona linacheza anafanya nini? Anajaza silikoni. Nina uhakika ukiangalia pale chini utakuta silikoni imepakwa kama siagi, na silikoni haishiki PVC, inaishikilia tu kwa muda halafu inaachia. Hilo ndio vujo lako, wala sio kioo.

Na usifikiri utakwepa kwa kutumia za thredi. Thredi za kwao na za kwetu ni tofauti, pembe ya jino sio moja, na kwenye inchi moja hata idadi ya meno haiko sawa, kwao ni kumi na moja na nusu kwa kila inchi, kwetu kumi na moja. Inaingia mizunguko miwili mitatu halafu inakaza, fundi anaona imekaza anafurahi, kumbe imejipinda. Ukizungusha thredi tepu nyingi inaweza kukaa wiki. Mwezi sijui.

Dawa ni rahisi kuliko unavyodhani: toa konekta zote mbili za zamani, weka mpya za PVC za vipimo vya hapa hapa, zile zinazotumika kwenye simtanki. Kabla hujaenda dukani pima matundu ya kioo kwa vernia, kile kipimo cha milimita chenye taya, yale ya tanki za namna hiyo mara nyingi ni kama milimita 45 kwa kubwa na 38 kwa dogo, ila pima la kwako usichukue namba zangu. Nenda na vernia dukani, chomoa nati kwenye konekta, pima shingo yake kwa nje. Inatakiwa iingie kwenye tundu ikiwa na nafasi ndogo pembeni, isilazimishwe na isielee. Kichwa chake nacho kizidi tundu vya kutosha ili mpira ukalie kioo pande zote.

Kufungua zile za zamani, angalia upande nati inakofungukia. Konekta nyingi za Kimarekani nati yake inazunguka kinyume, yani kufungua unazungusha kama unakaza. Usije ukaweka spana ukatumia nguvu zako zote kumbe unabana, pale ni kwenye kioo, kioo kikipasuka tanki limekufa. Zungusha pole pole kila upande uone. Ikigoma kabisa kata shingo yake kwa bledi ya msumeno toka ndani ya bomba kidogo kidogo, konekta ni ya kutupa hata hivyo.

Kufunga mpya. Gasketi ya mpira inakaa upande wa kichwa, ndani ya boksi kwenye maji, peke yake, safi, kavu. Upande wa nati chini hakuna mpira. Usiweke silikoni kwenye gasketi hata chembe, silikoni mbichi inateleza, unavyokaza mpira unachomoka pembeni. Kaza kwa mkono mpaka mwisho wa nguvu za mkono, halafu spana robo mzunguko, basi. Mafundi wetu wana mkono wa kukaza mabomba ya chuma, simama hapo hapo usimuache peke yake. Na usitumie tena gasketi za zamani hata kama zinaonekana nzima, ikunje kati ya vidole viwili, ukiona vimistari vya kupasuka kwa nje ujue imeshakauka.

Kuhusu aina ya bomba, fundi atakushawishi utumie PPR, yale ya kijani yanayochomwa na mashine, kwasababu ndio anayofunga kila siku majumbani na kweli ni imara. Kwa kushusha maji ya sampu siyapendi. Ukuta wake ni mnene, PPR ya 32 ile nzito ndani inabaki kama milimita 21 tu, wakati PVC ya 32 ndani ina kama 28. Umenunua kitu kinaitwa inchi moja ukapata tundu la robo tatu. Halafu fitingi zake za thredi ndani zina brasi. Kwa mbuna brasi haitawaua kesho, maji yao ni ya alkali, ila ukija kuweka kamba wadogo au ukahamia maji ya chumvi shaba inayotoka humo inaua viumbe visivyo na uti wa mgongo. Kwahiyo PVC ya presha, na valvu iwe ya plastiki pia. Valvu ya geti ya PVC ndio bora kwasababu unaibana kidogo kidogo kwa mizunguko mingi, ile ya boli ya mkono mmoja robo zamu inafanya kazi pia ila kuipatia ni kazi ya uvumilivu, ukigusa kidogo tu maji yanapanda au kushuka sentimita tano. Ile geti ya brasi iliyojaa madukani iache hapo hapo.

Mpangilio wa ndani ya boksi. La kuu, yani hilo la 25, mdomo wake ukae kama sentimita 20 chini ya meno ya boksi, ile mipasuo ya juu maji yanapoingilia, uwe umezama muda wote. Ukiuweka juu sana maji yatafanya kimbunga kidogo na kuvuta hewa, kelele imerudi. Ukiukata chini kabisa, umeme ukikatika boksi lote litamwagikia sampu. La dharura, la 32, mdomo wake ukae sentimita mbili tatu chini ya meno. Yote mawili weka kichujio juu chenye nafasi pana. Kwenye tanki la mbuna ule mchanga unaficha konokono wadogo wale wenye gamba refu lililochongoka, usiku wanatembea kila mahali, na mmoja tu akikwama kwenye geti iliyobanwa nusu unaanza kusikia la dharura linaongea.

Chini ya tanki weka yunioni, kiungo kinachofunguka bila kukata bomba, kwenye kila bomba ili siku ya kusafisha usiite mtu na msumeno. Usitumie elbo za kona kali mfululizo, tumia za digrii 45 mbili badala ya 90 moja pale nafasi inaporuhusu. Kama lazima bomba lilale kidogo basi literemke muda wote, lisipande hata sentimita moja halafu lishuke, pale penye nundu hewa inakaa haitoki. Na ule mpira wa bustani uliouona kwa rafiki yako, uache, unalegea unafanya tumbo, maji yanakaa kwenye tumbo na hewa inakaa kwenye mgongo.

Kwenye sampu sasa, la kuu liingie ndani ya maji sentimita mbili, tatu ikizidi sana. Hapa wengi wanakosea kwasababu wanaona likizama sana ndio linatulia. Likizama sana, umeme ukirudi ile hewa iliyoingia bombani inashindwa kusukumwa nje, sifoni haianzi, maji yote yanakimbilia la dharura na wewe uko kazini. La dharura likae juu ya maji, lisiguse, kwa makusudi, ili siku likifanya kazi lipige kelele usikie toka jikoni.

Bado zulia. Hili halihusiani na bomba la kushusha, ni lile la kurudisha. Picha uliyotuma inaonyesha nozeli, yani mdomo wa bomba hilo ndani ya tanki, iko kama sentimita saba na nusu chini ya maji. Umeme ukikatika pampu inasimama na bomba la kurudisha linageuka kuwa sifoni, linanyonya maji ya tanki kurudi sampu mpaka nozeli ibaki wazi. Tanki lako ni 122 kwa 46, kila sentimita moja ya juu ni lita 5.6, mara saba na nusu ni lita 42, na ya ndani ya mabomba lita moja hivi, 43. Sampu yako ni 75 kwa 35, maji ulikuwa umeyaweka sentimita 28 na kina chake ni 40, nafasi iliyobaki ni lita 31 na nusu. Toa mwenyewe, ni lita kumi na moja na kitu, ndio ndoo yako.

Kwahiyo bomba la kurudisha likipita juu, mdomo uwe sentimita moja au mbili tu chini ya maji, na utoboe katundu ka milimita tano kwenye bomba hilo hilo, ndani ya tanki, pale tu chini ya usawa wa maji. Maji yakishuka kidogo kale katundu kanaingiza hewa, sifoni inakufa. Kanatoa kamkondo kadogo pembeni muda wote, kageuzie ndani kasirushe maji kwenye taa. Na kanaota ukijani, kila ukibadilisha maji pitisha kijiti cha meno. Hesabu mpya: sentimita mbili za tanki lita 11, boksi lako la 20 kwa 15 likishuka sentimita 20 ni lita 6, mabomba lita moja, jumla 18, sampu inapanda sentimita saba. Ukiacha maji kwenye 28 unafika 35, umebaki na tano. Vizuri.

Watu watakwambia weka noni ritani, chekivalvu, ile valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, kwenye bomba la kurudisha na mambo yaishe. Mimi siiamini. Siku ya kwanza inafanya kazi, baada ya muda punje ya mchanga au ukoga unakaa kwenye kikombe chake, haifungi sawasawa, na utajua usiku ule ule umeme ukikatika. Ukiitaka iweke, ila hesabu yako ifanye kana kwamba haipo.

Kuna hesabu nyingine watu hawaifanyi kabisa: mabomba yote mawili yakiziba pampu itaendelea kupandisha. Chumba cha pampu kwenye sampu yako ni kama 20 kwa 35, maji juu ya mdomo wa pampu sentimita 18, hiyo ni lita 12.6. Juu ya tanki ukiacha sentimita tatu toka maji mpaka ukingo wa kioo una nafasi ya karibu lita 17. Maana yake pampu itamaliza maji yake kabla tanki halijafurika, itazunguka kavu, ikiungua imeungua, sakafu imepona. Ndio maana nakusihi usiunganishe sampu na simtanki la nje kwa floti ya kuongeza maji yenyewe. Ukifanya hivyo hiyo hesabu yote imekufa, simtanki la lita 1000 litakuja sebuleni.

Kuhusu kutoboa, nilisema ntaeleza. Matanki ya kiwandani ya Marekani ya ukubwa huo chini mara nyingi ni kioo cha tempa, kimechomwa na kupozwa haraka kiwe kigumu, na ukikigusa na drili kinalipuka chote vipande vidogo vidogo, hakuna kurekebisha. Matundu unayoyaona yalitobolewa kabla hakijachomwa. Ukitaka kujua, washa laptopu iwe na skrini nyeupe, weka upande wa pili wa kioo, vaa miwani ya jua ya polaraizi uinamishe kichwa, kioo cha tempa kinaonyesha madoa meusi au rangi rangi, cha kawaida hakionyeshi. Lakini kwa kazi yako huna haja, matundu mawili yanatosha.

Siku ya kuunganisha, kwanza panga yote makavu bila gundi, chora alama kwa kalamu kila fitingi na bomba lake ili zisije zikageuka. Kata bomba kwa mkato ulionyooka, lisilonyooka halikai mpaka mwisho wa soketi, piga msasa ndani na nje utoe ule unyoya, futa vumbi, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku unazungusha robo, shikilia nusu dakika. Fungua madirisha, ile gundi harufu yake si mchezo. Acha siku nzima kabla ya maji. Samaki wahamishie kwenye pipa lenye hewa, usijaribu mabomba mapya na samaki ndani.

Kurekebisha valvu: fungua geti yote, washa pampu, subiri. Utasikia linaguguma dakika chache wakati hewa inatoka, ni sawa. Halafu funga geti robo mzunguko, subiri maji ya boksi yatulie, funga tena kidogo, subiri. Haraka hapa ndio inawashinda watu, boksi ni dogo na maji yanachukua muda kuonyesha mabadiliko. Unataka maji yapande mpaka yaanze kuchungulia kwenye mdomo wa la dharura, kautelezi kembamba tu kanashuka ukutani mwa bomba. Hapo kelele inapotea kabisa, utadhani pampu imezimika. Chomoa mkono wa geti uweke kwenye droo, watoto na wageni wanapenda sana kuzungusha vitu.

Halafu majaribio, na usiruke hata moja. Zima pampu kwenye soketi, subiri mpaka kila kitu kisimame, angalia sampu imefika wapi, weka alama ya peni ya wino mzito. Washa, usiguse chochote, kaa uangalie kama sifoni inashika yenyewe na la dharura linanyamaza. Rudia hiyo mara kadhaa, mana umeme wetu haukatiki mara moja, unakatika unarudi unakatika, na mabomba yako lazima yajue kuanza upya bila wewe. Kama halishiki basi punguza bomba la kuu kwenye sampu, liko ndani sana. Mwisho funga geti yote pampu ikiwa inafanya kazi, la dharura libebe maji yote, kelele itakuwepo, wewe angalia tu tanki halipandi mpaka ukingoni. Liache hivyo nusu saa.

Kabla ya kuwasha chochote lakini, geuza ile pampu iliyokuja na sampu usome lebo. Ikiwa imeandikwa 110 au 120 V, 60 Hz, hiyo ni ya kwao, ukiichomeka kwenye 230 yetu inaungua papo hapo, na kitransfoma cha kushusha volti kinaishusha volti tu, hetzi zinabaki 50 na pampu nyingi za namna hiyo zitazunguka taratibu na kuchemka. Ni bora ununue ya hapa. Waya wake uuache ulegee chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda, ili tone la maji likitembea kwenye waya lidondokee chini lisifike kwenye umeme.

Ukishapima yale matundu mawili nitumie namba na picha ya konekta ulizozipata dukani kabla hujazinunua, hasa ile ndogo, ya 25 nyingi shingo yake ni nyembamba sana kwa tundu la 38 na huenda tukalazimika kutafuta yenye kichwa kikubwa zaidi.